Kitovu cha Tangi la Rangwi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na mvua huko Kondoa, zimekumbuka njia? Huku Rangwi ni ukungu mtupu. Asubuhi nafungua mlango nawasikia majirani wakisalimiana bila kuwaona, nadhani bado naota. Baridi imenipasua midomo, ila mwili ni mzima.

Nina la kukusimulia. Tangi la maji la kijiji, la duara, lilibomolewa na maporomoko ya udongo wakati wa masika. Tangu hapo kina mama wanashuka bondeni na ndoo. Sisi mafundi tuliotumwa kulijenga upya tulipofukua tukakuta kipande kimoja tu cha msingi, kimepinda kama mundu. Msimamizi wetu akataka tukisie duara kwa macho.

"Tukikosea kitovu," nikamwambia, "ukuta mpya utatoka nje ya msingi, utapasuka."

Mafundi wakacheka. Mmoja akasema, "Dada, aliyelijenga ni marehemu. Nani atakuonyesha kitovu?"

"Nukta tatu," nikajibu.

Nikapiga vigingi vitatu juu ya kile kipande: mwanzo, kati na mwisho. Nikafunga kamba toka cha kwanza hadi cha pili, maana nukta mbili zina mstari mmoja tu ulionyooka. Katikati ya kamba hiyo nikatoa nyingine kwa skwea, yaani kwa pembe mraba, kuelekea ndani. Nikafanya vivyo hivyo toka cha pili hadi cha tatu. Kamba zote mbili zikapotelea ukunguni, Baba. Nikazifuata kwa viganja, polepole, mpaka zikakutana kifuani pangu.

"Chimbeni hapa."

Kina cha goti, jembe likalia. Nondo imesimama wima, imeliwa na kutu.

Mama Hiza, mjane wa fundi aliyelijenga tangi, alikuwa anapita na ndoo. Akaitua, akapiga magoti kwenye tope, akaishika ile nondo.

"Mgosi wangu ndiye aliyeipiga," akasema, yaani mumewe. "Mimi nilimshikia kamba alipoizungushia duara. Nilikuwa na mimba ya kwanza."

Akaifuta tope kwa khanga yake, ukungu unampita mabegani. Siku ile nilitamani ungekuwepo. Najua hukupenda binti yako ashike kazi ya msingi.

Sakafu tumeisawazisha kwa vigingi vitatu vyenye vichwa usawa mmoja. Ni kama vigoda vyako vya miguu mitatu, havichezi hata kwenye ardhi mbovu, kwa kuwa nukta tatu hulala juu ya uso bapa mmoja tu. Nondo tumeiacha chini ya zege, kama Mama Hiza alivyoomba. Ukuta umekwisha, na jana tulifungulia maji. Alisimama ameegemeza sikio ukutani, akiyasikiliza yanavyopanda.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, na bibi mzaa mama. Mdogo wangu Salimu mwambie asiache hesabu. Shangazi wa mashine ya kusaga namkumbuka kila nikila ugali.

Mola akulinde hadi tuonane.

Binti yako,
Zainabu