Mashine Iliyonyamaza

Jumanne, Juni 1999

Haya, nimetii. Sharti la nne la kibali linasema mashine ya kusaga isipige kelele, basi nimeng'oa lile kopo la juu ya bomba la moshi na kufunga kizuia sauti. Asubuhi Bwana Afya kaja kukagua, akatabasamu kama bwana harusi.

"Umeona, mzee? Hata kijijini Kasense hawakusikii!"

Ndiyo shida yenyewe, bwana! Kasense wasiponisikia watajuaje nimewasha? Mlio wa lile kopo ndio uliokuwa ukiwaita. Juzi nilisaga madebe arobaini. Leo manne, na mawili ni ya nyumbani kwangu. Kwa hesabu hii nitafunga kabla hawajanifungia.

Jioni kapita Mama Oresti, unga kichwani, anatoka kusaga kwa mwenzangu wa ng'ambo ya mto.

"Pole kwa msiba. Tumesikia mashine yako imekufa."

"Haijafa, mama. Imepata kibali."

"Kwani kibali ndicho kinachoua?"

Nikaingia ndani. Nimesoma masharti yote upya. Yanakataza kelele za mashine, ngoma haikutajwa popote. Nikamfuata Bwana Afya kwake, nikamkuta anakula viazi. Nikamuuliza: nikiwasha mashine, naruhusiwa kupiga ngoma watu wajue?

Akacheka mpaka akapaliwa. Ngoma ruksa, kasema.

Mkewe akadakia kutoka jikoni: "Tena uipige kwa nguvu, shemeji. Unafikiri hivyo viazi tumependa? Nilidhani umefunga, nikakosa unga wa ugali."