Sweta la Mume Wangu Limekuwa Kofia

Shoga, acha hivyo vyombo usome hapa.

Unalikumbuka sweta nililomfumia mume wangu? Nilifumua masweta mawili ya mtumba, uzi wa kijivu nikausokota pamoja na wa zambarau. Aliniambia limeibiwa kazini.

Leo nimempelekea chakula hukohuko kazini. Yule mwanamke muuza chai wa getini kwao kavaa kofia. Kijivu na zambarau, shoga! Mchanganyiko wangu, niliousokota kwa mkono wangu!

Nikajikaza, nikamsifia. Akacheka: "Kuna mtu kanipa sweta kuukuu, dada, nikalifumua. Ukitaka nitakufundisha."

Kuukuu! Anifundishe mimi! Na kofia yenyewe imempendeza, hapo ndipo panaponiuma.

Nimerudi nyumbani nikamsubiri mume wangu. Kaja, kakaa, kaanza kujikunyata: "Mke wangu, baridi imezidi. Si unifumie sweta jingine?"

Nikamwambia taratibu tu, "Kaazime ile kofia kwa muuza chai."

Shoga wee! Hakuuliza hata kofia gani.