Mkwe Hatajwi

Jumatatu, 2 Juni
Sura ya nne ya kitabu changu tena. Mvua, stima imepotea mara mbili, chai imepoa mezani. Dorika, mke wangu, amenuna. Anasema nilistaafu kufundisha historia ya kanisa ili nipate nafasi ya kuishi na waliokufa.

Sura ya nne ni kanisa letu la karibu na Butali. Kila mtu atakuambia lilianzishwa na wazee watano. Uongo. Kabla yao kulikuwa na mwanamke aliyekusanya watu kusali jikoni mwake, na mumewe akimpiga kwa hilo. Wazee wenyewe, yeye ndiye aliyewafundisha kusali. Wamishonari waliandika “mke wa fulani” basi. Majirani walimwita mama wa Tafroza, kwa jina la binti yake. Jina lake mwenyewe sina.

Alhamisi, 5 Juni
Pasta amepiga simu. Fundi anachonga jiwe la waanzilishi, litazinduliwa Jumapili ya tarehe kumi na tano. Nikileta jina la yule mama, litaingia. Nisipolileta, ni wazee watano. Amesema mama wa fulani hachongwi kwenye jiwe, wamama wa Tafroza ni wengi. Ana haki. Nimekasirika hata hivyo.

Jumamosi, 7 Juni
Kwa Mzee Nathani. Ndiye pekee aliye hai kati ya waliosali jikoni mle. Baadaye alimwoa huyo Tafroza, ambaye sasa ni marehemu. Amenieleza kila kitu: moshi, ngozi waliyokalia, yule mama alivyoimba tenzi kwa sauti ya kulia matanga. Nimefurahi kama mtoto. Halafu nikauliza jina.

“Mkwe hatajwangi, mwalimu. Hata wewe unajua.”

Najua. Kwetu mwanamume hatamki jina la mama wa mkewe, awe hai au amekufa. Nikamwomba basi mimi nitaje majina, yeye aitikie kwa kichwa tu. Akatafuta fimbo yake, akaingia ndani. Kuku waliyenichinjia nimemla peke yangu. Aibu tupu.

Jumatano, 11 Juni
Safari ya Lumakanda. Mjukuu wa Nathani alirithi jina la yule mama, nikajiambia leo nimefika. Mwalimu wa chekechea, mchangamfu, mahindi yake yamefika mpaka mlangoni. Kitambulisho kinasema Gladys. Na lile la kurithi? Akacheka. Hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya babu. Tangu azaliwe anaitwa Kukhu, yaani bibi, na ameolewa akiitwa hivyo hivyo. Aliyelijua ni mama yake, mtoto pekee wa Nathani. Ameshatangulia.

“Ukilipata uniambie na mimi,” amesema.



Jumamosi, 14 Juni
Nathani amelazwa. Kifua. Nimebeba machungwa, nikajidai nimekwenda kumjulia hali. Nilikwenda kuwinda jina, na yeye alijua. Nimemwambia jiwe ni la kesho. Nimemwambia mama mkwe wake atasahaulika kabisa. Maneno makali kwa mtu anayetafuta pumzi. Akanishika mkono.

“Mimi niko karibu kumkuta huko. Sasa nitamwambia nini, ati nilimtaja?”

Maisha yangu yote nimefundisha watu kuuliza maswali. Hilo sikuwahi kuliwaza. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka pia kulia. Nikamwekea blanketi vizuri, nikatoka.

Jumapili, 15 Juni
Limezinduliwa. Wazee watano. Limechongwa vizuri, lazima nikubali. Watu wamepiga makofi. Nimepiga na mimi. Nilipewa nafasi ya kusema nikasoma Zaburi. Mwoga.

Ijumaa, 20 Juni
Nathani alifariki jana asubuhi. Amekwenda nalo.

Sijagusa sura ya nne.

Jumapili, 29 Juni
Mazishi yalikuwa jana. Gladys alilia sana. Hakuniuliza kitu.

Leo baada ya chakula Dorika ameuliza kitabuni nitamwitaje yule mama. Nikasema sina njia, nitaandika mama mkwe wa Nathani. Mwanamke aliyeanzisha kanisa, naye ataingia kwenye historia kwa mlango wa mkwewe. Dorika akaendelea kuchambua mboga. Kisha, bila kuniangalia:

“Na mama yangu, anaitwaje?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Bila shaka nalijua. Nimelisikia likiitwa kwao tangu nilipopeleka ng'ombe wa mahari. Nikamwambia nitaliandika. Akasema haya, akabeba mboga jikoni.

Niko mezani. Jua limetoka kidogo. Shajara hii haisomwi na mtu, na mama mkwe wangu yuko kwake, mzima, anaanika mahindi. Nimeweka kalamu kwenye karatasi. Nimeinua. Nimeweka tena.

Hata herufi ya kwanza siwezi.