Bwana Harusi Huingia na Begi Lake

Jumapili, 13 Novemba 2005
Chapati, kufua, kupiga pasi. Mvua ya Farsta, huku kwa Waswidi, haina adabu. Mchana kaja Mama Hamisi kutoka Södertälje, na mwanawe Hamisi, mchumba wa binti yangu Mariamu. Waislamu wa Buyenzi, Burundi. Wastaarabu, na wanajua kula. Akauliza bibi harusi anahamia kwao lini. Nikauliza bwana harusi anahamia kwetu lini. Tukacheka sana, kila mmoja akidhani mwenzake anatania.

Jumamosi, 19 Novemba
Hakuna aliyetania. Mama Hamisi kapiga simu. Nimemweleza: kwetu kisiwani Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mama humwachia binti, mume huingia na begi lake. Nyumba ya marehemu mama, ya mawe meusi ya mlimani, ni yangu, kesho ya Mariamu. Akasema kwao mke humfuata mume. Nikasema basi harusi hakuna. Nina hasira mpaka sasa.

Jumapili, 20 Novemba
Mariamu kanijibu kwa Kiswidi: mila hiyo ilishakufa. Nikamwambia hata samaki gombesa wasomi walimtangaza amekufa tangu kale, kumbe wavuvi wetu walikuwa wakimvua na kumlalamikia, nyama mafuta matupu. Hakucheka. Kahamia kwa rafiki yake anayekaa mtaa wa Kista.

Jumamosi, 26 Novemba
Dada kapiga simu kutoka Ngazija. Mlima Karthala umetema majivu. Kisiwa hakina mto. Tunakunywa mvua tunayokinga birikani, tangi la mawe uani. Birika la nyumba yetu sasa ni tope. Nimelia. Nikampigia Mariamu. Naye kalia.

Jumatano, 30 Novemba
Mama Hamisi kaja peke yake, na sufuria ya maharage. Mariamu alimwambia habari ya birika. Harusi hatukuigusa. Kauliza kisiwani kuna wanyama gani. Nikamsimulia popo wa kisiwa jirani cha Nzuani, akitanua mabawa ni upana wa kanga ya kuvaa. Akaguna. Nikamwambia visiwa vyetu ni vinne, vitatu vilijitawala, kimoja kimebaki kwa Mfaransa.
"Kumbe na nyinyi mna aliyekataa kuhamia."
Nilitaka kukasirika, nikacheka. Mlangoni akasema, "Mama Mariamu, nyumba iwe ya mtoto wako. Lakini iwe Södertälje."
Nikamrudishia sufuria yake. Nitabaki peke yangu, na yeye anajua.

Jumatatu, 6 Machi 2006
Mariamu yuko kwenye foleni ya nyumba za kupanga za serikali tangu sekondari. Leo kapata. Vyumba viwili, Södertälje, mkataba kwa jina lake. Nimekubali. Roho inauma, lakini nimekubali.

Jumamosi, 22 Aprili
Ndoa imefungwa. Jioni tulikwenda kwenye nyumba. Mlangoni jina la Mariamu. Aliingia kwanza. Hamisi akangoja kwenye ngazi, begi mkononi, mama yake kando akitazama ukuta. Mariamu akamwambia karibu, kwa Kiswahili. Akavua viatu, akaingia.
Nimerudi Farsta. Kimya. Nimempigia dada. Birika limesafishwa, wanangoja mvua.