Gesi Inayozunguka Kinyume

Kisugu, Kampala

Neema mjukuu wangu,

Huku hatujambo. Babu yako amepona kikohozi, ameanza tena kubishana na redio.

Nimeitazama ramani uliyonitumia ya galaksi unayoichunguza. Nyota zote zinazunguka upande mmoja, ila ile gesi baridi inakwenda kinyume. Hata mimi naitilia shaka. Unaniuliza kama uifute, kwa sababu profesa wako anasema ni kosa la vipimo.

Nilipokuwa msichana, kanisani kwetu hapa hapa Kisugu tulikuwa Wakenya watupu. Wakati wa sadaka tulilizunguka kapu kuanzia kulia, kisha tukarudi kuketi. Jumapili moja wageni waliinuka wakicheza, wakaanzia kushoto, wakatujia uso kwa uso. Niliukumbatia mkoba wangu. Dada yangu akaninong'oneza, "Hawa wamefuata kapu." Niliacha kuimba, nikawa nachunga mikono yao tu.

Baada ya ibada, mke wa mchungaji ndiye aliyewauliza, "Kwenu ni wapi?" Wakasema wamekimbia kutoka Kongo, na kwao kapu huzungukwa hivyo. Kanisa lao walikuwa wameliacha, lakini mzunguko wake walikuja nao.

Huenda gesi yako nayo imehamia hapo kutoka galaksi nyingine. Usiifute kabla hujaiuliza kwao ni wapi. Na huyo profesa wako mwangalie vizuri, asije akaifuta yeye.

Aliyeongoza wale wageni ndiye babu yako. Kila Jumapili bado anaanzia kushoto, nami bado naushika mkoba wangu.

Nyanya yako