Kitufe Namba Moja

Wanangu na mama yenu,

Maji yanakatika saa nne, jazeni ndoo. Chakula kipo kwenye sufuria, kipasheni tu.

Asubuhi, mkiwa bado mnakoroma, alikuja yule fundi wa kisanduku kinachohesabu watazamaji wa televisheni. Si kila mmoja wetu ana kitufe chake kwenye rimoti ya hicho kisanduku, cha kubonyeza akikaa kutazama? Namba moja ni mimi. Fundi akaniuliza kwa upole, “Mzee wa hapa alihama lini?”

Kumbe kwa hesabu zao sijatazama chochote miezi minne! Mama yenu yumo, nyinyi mmo, hata kitufe cha wageni mnakibonyeza paka akipanda kwenye kochi. Mimi nilidhani mnanibonyezea, maana hiyo rimoti haijawahi kunifikia mkononi. Ningebisha na nini, naye ana karatasi? Nikamkaribisha chai.

Ameacha fomu ya kunifuta, iko chini ya sahani. ~~Itieni sahihi kama mnaona sawa.~~ Msiiguse.

Gesi mkumbuke kuizima.

Narudi saa moja, kwenye taarifa ya habari. Nitakaa kiti changu kile kile cha dirishani. Tafadhali, mmoja wenu anibonyezee.

Baba