Mama Imelda Ameacha Kutubishia

Mpendwa Shangazi Beatrice, shikamoo. Nisaidie maana hata ugali haupiti, mimi ni Rebeka wa Tindiga, Jumatatu naanza chuo Mikumi, na kabla ya kufungua walimu walitupa hadithi ya kusoma pamoja mtandaoni, yaani kila mwanafunzi mpya anasoma kwenye simu yake, anaandika maoni pembeni ya aya, na wenzake wote wanaona na kumjibu. Hadithi inamhusu mama mgonjwa aliyemficha binti yake kwamba anaumwa ili binti amalize mitihani kwanza, basi Imelda wa Kidete akaandika kwamba yule mama alifanya sawa, mimi nikapandisha hasira, nikamjibu, "Acha utoto, mdogo wangu, mtoto hafichwi, siku ukizaa utaelewa." Akaandika, "Haya dada, naisubiri hiyo siku," na kicheko juu. Tukawa marafiki wa kubishana, kila nikitoka shamba la mpunga nachungulia kwanza Imelda kasema nini.

Juzi tukaambiwa kila mtu aweke picha. Shangazi, Imelda ni bibi! Ana mvi, miwani, na mjukuu mgongoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sote tukammwagia shikamoo na kuomba radhi, nami nikafuta kila nilipombishia. Akajibu, "Marahaba wanangu," na hajaandika tena. Jana akanitumia ujumbe mimi peke yangu: "Rebeka mwanangu, chuo nadhani niwaachie nyie. Ila nilikuwa naufurahia ubishi wako." Mama yangu anasema mtoto hajibizani na mkubwa, ninyamaze. Lakini nikinyamaza, hatakuja. Nifanyeje?

Rebeka, Tindiga

Marahaba, Rebeka. Niache nicheke kwanza. Bibi mwenye mjukuu mgongoni unamwambia siku akizaa ataelewa! Chai yote imenimwagikia. Pole mwanangu, usilolijua ni kama usiku wa giza, na kwa hilo sikulaumu.

Nakulaumu kwa kufuta. Yale maneno hayakuwa yako peke yako, naye alikuwa ameyajibu. Alipokuita dada, unadhani alikuwa amesahau umri wake? Alikuwa anafurahi. Huenda ni miaka mingi hajapata mtu wa kumbishia. Akifika mahali anapewa kiti, anapewa shikamoo, halafu watu wanaendelea na mazungumzo yao. Kwenu akapata watu wa kusoma nao, na nyie mkamrudisha kwenye kile kiti. Inaniuma kama ni mimi.

Mama yako amekulea vizuri, usimjibu vibaya. Shikamoo haina mjadala: Jumatatu uwahi wewe kumwamkia, na mzigo umpokee. Hiyo "mdogo wangu" izike kabisa. Lakini heshima haikulazimishi kukubaliana na mtu mzima kwenye kila aya. Mama Imelda anakuja chuo kusoma, haji kuamkiwa.

Sasa usimpigie simu kumlilia radhi nyingine, alizopata zinamtosha. Fungua hadithi leo hii, rudi pale pale kwa yule mama mgonjwa, uandike wenzako wote wakiona: "Shikamoo Mama Imelda. Bado sikubaliani nawe. Mimi ni binti wa mtu, ningetaka kuambiwa. Wewe umezaa, nieleweshe."

Kisha usubiri. Akichelewa kujibu usitishike, anatafuta miwani.